Debe la Mahindi Mabovu

Nkubu,
Jumatatu, tarehe 9 Septemba.

Kwa wifi yangu Kathambi, Mama Linda,

Nakusalimu sana, wewe na mama na watoto wote wawili. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima hapo Kianjai, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu baridi ipungue. Sisi huku hatujambo. Mimi mgongo ni ule ule, kila asubuhi unanikumbusha kwamba nina miaka hamsini na mitatu, nami naujibu kwamba najua, asante. Ndizi zimezaa vizuri, kahawa imetuangusha, na jirani yetu Marcella bado anaimba kwaya kwa sauti ambayo Mungu hakumpa.

Utashangaa kupata barua siku hizi ambapo hata nyanya zetu wana simu. Simu yangu huipokei, wala sikulaumu. Tena nashukuru hukuipokea, maana ningeanza na habari za mvua, nikaja habari za kahawa, na salio lingeisha kabla sijafika penyewe. Kwenye karatasi hakuna pa kukimbilia. Nimempa Marcella ailete kesho akija soko la huko, nikamwapisha asiifungue, na kwa kuwa unamjua kama ninavyomjua, bahasha nimeipaka gundi mara mbili.

Neno uliloliacha mlangoni mwezi wa nne ninalo. Kirimi alikuwa mgongoni mwako na Linda amekushikia begi, ukasema hutarudi kwenye nyumba ambamo unaitwa mwenye sumu, mpaka habari ya lile debe la mahindi isemwe kwa ukweli mbele ya watu wale wale waliosikia uongo. Sikukujibu siku ile. Leo nakujibu, ila niache nifike kwa mwendo wangu, kwa sababu iko habari njema ambayo ni haki yako kuisikia kwanza.

Baba Linda, ndugu yangu Kiunga, anaendelea vizuri. Siandiki hivyo ili kukuvuta. Ijumaa iliyopita nilimsindikiza hospitali kwa vipimo vyake vya miezi sita, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, yeye akisoma gazeti moja mara nne. Vile vipimo vya ini vilivyokuwa vimepanda vimeshuka. Virusi vimepungua sana kwenye damu. Akalazwa kitandani, akapakwa yale mafuta ya baridi tumboni, ini likapigwa picha kila upande, na daktari akasema haoni uvimbe wowote. Nililia pale pale, wifi, nikatia aibu. Kiunga alijifanya hanijui.

Anameza tembe moja kila siku, na daktari amemwonya asiache hata akijisikia ana nguvu za kulima milima. Mashavu yamerudi. Pombe hata kuinusa hataki. Anafundisha darasa lake kama kawaida, na jioni watoto wa shule wakipita hapa wanamsalimia mwalimu wao kwa kelele kama zamani.

Huyo daktari anaitwa Njue, mtu wa Embu, mpole, na nilimchosha kwa maswali. Unakumbuka sisi tulivyokuwa tukisema juu ya kifo cha baba, miaka minane iliyopita, tumbo limejaa maji na macho ya manjano. Kansa ya ini, tuliambiwa, lakini nyumbani tulinong'ona kwamba ni laana ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa hiyo Januari, Kiunga alipoenda kumtolea damu mwalimu mwenzake na damu yake ikakataliwa kwa sababu ina homa ya ini aina ya B, mimi nilisema moyoni kwamba laana imefika kwa mtoto.

Daktari Njue alisikiliza hayo yote bila kucheka. Akasema kirusi hicho huenda Kiunga alikipata akiwa mchanga sana, na pengine hata baba alikuwa nacho. Kinakaa ndani ya ini miaka na mikaka bila mtu kuumwa. Ini linajeruhiwa kidogo, linajitengeneza, linajeruhiwa tena. Mimi niliwahi kushona nguo, kwa hiyo nilimwelewa hivi: fundi akikata gauni kwa kufuata gauni la jana, na kesho afuate la leo, badala ya kufuata kile kipimo cha kwanza, kosa dogo linaongezeka mpaka unapata nguo isiyo na shingo. Ini nalo likijitengeneza mara nyingi mno linaweza kukosea, na siku moja ikatokea chembe isiyosikia amri, inazaana tu inavyotaka. Hiyo ndiyo kansa.

Halafu kuna sumu ya ukungu, ile redioni wanaiita aflatoksini, inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo huenda moja kwa moja kwenye ini na kuharibu kile kipimo cha kwanza ambacho ini hujitengenezea. Kupika hakuiondoi. Kirusi peke yake ni hatari, sumu peke yake ni hatari, lakini vikikutana ndani ya mtu mmoja hatari inazidi mara nyingi. Ndiyo maana Kiunga alikatazwa mahindi yenye ukungu tangu siku ya kwanza. Lakini daktari alisema pia kwamba wengi wenye kirusi hicho hawapati kansa kamwe, hasa wakijulikana mapema, wakanywa dawa inapohitajika na kupigwa picha kila miezi sita. Baba hakupata bahati hiyo. Kiunga ameipata.

Sasa nisikilize kwa makini, na hapa nasema kama dada mkubwa hata kama umenikasirikia. Homa hii haiambukizwi kwa kikombe wala sahani. Kile kikombe cha Kiunga nilichokitenga Januari na kukifunga kitambaa chekundu kilikuwa ujinga wangu mtupu. Inapita kwa damu, kwa unyumba, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Kwa hiyo wewe unapaswa kupimwa, na sisi hatukukuambia. Tulikuwa tumeshughulika kukusema. Ukikutwa huna, utachomwa sindano tatu na hutaipata tena. Watoto walishapata chanjo hiyo wakiwa wachanga, imo kwenye zile sindano za paja za kliniki, nimeona kwenye kadi zao ulizoacha kabatini, lakini daktari angependa wapimwe ili tulale. Mimi nimepimwa, sina. Nimeshachomwa sindano mbili, imebaki moja. Nani angejua kwamba kuna chanjo ya kumkinga mtu na kansa, tena kupitia Linda ikawakinga mtoto wake na mtoto wa mtoto wake?

Nimezunguka vya kutosha. Twende kwenye debe.

Unajua yaliyotokea, lakini nayaandika kama yalivyokuwa ili siku moja watoto wakiikuta barua hii wasidanganyike. Mwezi wa nne vipimo vya Kiunga vilipanda na sote tukatetemeka. Mimi, mwenye pua ndefu kuliko wote, niliingia ghalani mwako bila kukuuliza na nikakuta debe nyuma ya magunia. Ndani mlikuwa na mahindi yenye ukungu wa kijani na mengine meusi. Nikaita ukoo. Mbele ya Mzee Mithika, mkubwa wa ukoo, na shangazi na majirani wawili niliyamwaga yale mahindi juu ya gunia katikati ya sebule yako, nikasema hiki ndicho anachosagiwa ndugu yangu. Wewe ulisimama ukaeleza. Mimi nikaulizwa, nikajibu kwa sentensi moja. Hiyo sentensi nitaifikia. Baada yake hakuna aliyekusikiliza tena, na kesho yake ukaondoka.

Mwezi wa saba, siku tatu mfululizo, maziwa yangu yakakataliwa kwenye kituo cha chama cha maziwa. Unanijua. Nilifoka mpaka watu wakasimama barabarani. Maziwa yangu mimi, ninayeosha kiwele kwa maji moto! Wakamtuma msichana anayepima ubora, Wawira, anatoka kule chini Embu, upande wa joto. Alikuja na daftari akaniuliza ng'ombe anakula nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba kwangu hakiharibiki kitu. Majani, mabua, pumba, na mahindi yote yanayochambuliwa kwa kuwa yameoza, kwa sababu tumbo la ng'ombe halichagui.

Wawira aliacha kuandika. Akaniambia taratibu, kwa heshima, kwamba ng'ombe akila mahindi yenye ukungu, sehemu ya ile sumu inabadilika kidogo tumboni mwake na kutoka kwenye maziwa. Huioni, huinusi, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Kwao walishapoteza watu kwa mahindi mabovu, na hata huko walijifunza kutoyala kabla hawajajifunza kutoyapa mifugo. Kila mtu anafikiri ng'ombe ni chujio. Akanifundisha kuanika kwenye turubai badala ya kwenye udongo, kuinua magunia juu ya mbao yasiguse sakafu, na kuyafukia mabovu kwenye shimo.

Nilimwambia asante. Nikamsindikiza hadi getini. Kisha nikakaa kwenye ngazi za jikoni.

Kathambi, unajua maziwa hayo yalikuwa yanaenda wapi. Kila asubuhi tangu Januari nilimletea Kiunga lita nzima, moto, kwenye chupa ya chai, na kwa kuwa hakupenda ule utando wa juu nilikuwa nasimama pale mpaka amalize. Nilikuwa nasema maziwa yanajenga ini. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia.

Na debe lilikuwa langu. Februari nilikuja mlangoni mwa jiko lako nikakuomba uniwekee mahindi mabovu utakayoyachambua, kwa sababu chakula cha ng'ombe dukani kimepanda bei. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, unatoa mbegu moja moja kwa vidole ili mumeo asile hata punje yenye doa. Ukaniambia sawa wifi, nitakuwekea kwenye debe nyuma ya magunia. Hayo ndiyo uliyoyasema mbele ya ukoo, kila neno. Na Mzee Mithika aliponigeukia na kuniuliza kama ni kweli, nilisema: "Sikumbuki kuomba kitu kama hicho."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata rangi ya kitambaa ulichokuwa umefunga kichwani.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilimzika baba na sikuweza kuvumilia kwamba ugonjwa ule ule umerudi na hakuna wa kupigwa kofi. Kirusi hakina uso. Wewe ulikuwa na uso, tena ulikuwa mgeni, na ulikuwa umempata ndugu yangu. Sisemi hayo ili unihurumie, nasema kwa kuwa ndiyo kweli. Halafu Wawira akaja, nikajua kwamba sumu uliyokuwa unaitoa kwa vidole vyako mimi nilikuwa nairudisha kwa chupa, nikanyamaza tena. Wiki saba, wifi. Nilibadilisha chakula cha ng'ombe siku ile ile, nikamwaga maziwa siku kadhaa mpaka yakapimwa tena na kukubaliwa, na sikumweleza mtu sababu. Kanisani wakanisifu kwa jinsi ninavyomtunza ndugu yangu aliyekimbiwa na mke, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wangu ulipata mfupa haswa wakati ulipohitajika kusema.

Ijumaa, Kiunga alipotoka kwenda kuchukua dawa, nilimweleza Daktari Njue yote. Alisema hawezi kuapa kwamba maziwa ndiyo yalipandisha vipimo, kwamba kuna uwezekano mkubwa kirusi chenyewe kilikuwa kimeamka, kama kinavyofanya, na kwamba sumu ya kwenye maziwa huwa ni kidogo kuliko ile ya kwenye mahindi. Lakini kwa mtu kama Kiunga hata kidogo hakifai, na ni vizuri imekwisha. Alitaka kunituliza. Nilitulia nusu. Hata kama maziwa hayakumdhuru kitu, jina lako lilidhurika, na kwa hilo hakuna kipimo cha kusubiri.

Jana, Jumapili, baada ya ibada, niliwaita. Mzee Mithika, shangazi, wale majirani wawili ambao Marcella ni mmoja wao, na Kiunga. Sebule ile ile. Nilisimama pale pale nilipomwagia mahindi nikasema yote niliyoyaandika hapa, bila kupunguza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto anayekariri mashairi shuleni. Mzee Mithika alikohoa akasema basi, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamwambia hapana mzee, nakuheshimu, lakini hii ni ndwele, na iko Kianjai na watoto wawili.

Nilimgeukia Kiunga kumwomba msamaha nikaanza kupiga magoti, akanishika kiwiko akaniinua. Akasema: "Mimi usiniombe. Mimi nilipewa maziwa na mtu anayenipenda. Kathambi ndiye aliyepewa jina baya, na mimi nilikaa hapo kwenye kiti nikatazama." Kisha akatoka nje, akaenda kusimama kwenye kahawa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniuliza ninaandika barua lini.

Kuna jambo moja la kukuchekesha, kama uko tayari kucheka. Watu walipokuwa wanaondoka, Marcella alinivuta pembeni. Nilidhani anataka kunitukana, na ningekubali. Kumbe anauliza kuhusu ng'ombe wake. Naye anampa mahindi mabovu. Shangazi naye pia. Leo asubuhi wamekuja wanawake sita na mabeseni yao, wengine hata sikuwaambia, na Kiunga alikuwa amechimba shimo kabla ya kwenda shuleni, tukafukia yote tukakanyaga udongo juu. Wamesema Wawira akija tena wote wataanika kwenye turubai. Mmoja akauliza nani amewahi kuchambua mahindi mpaka yakawa masafi kabisa, nikamjibu ni Kathambi, na hakuna aliyebisha.

Sasa nina maombi mawili. La kwanza halitegemei la pili. Nenda ukapimwe wewe na watoto, hapo hapo au popote unapopaamini, hata kama hutaki kusikia jina la Nkubu tena maishani. Usingoje kunisamehe kwanza. Ini halingoji.

La pili. Jumamosi kabla ya saa sita tutakuwa hapo, Mzee Mithika, Baba Linda na mimi. Mzee ndiye atakayezungumza na mama yako kwa niaba ya nyumba yetu, kama inavyostahili, lakini habari ya debe nitaisema mimi kwa mdomo wangu, kwa sababu nina hakika huko nako ilifika. Ukiona ni mapema mno kuniona, mpe Marcella neno nami nitabaki nyumbani. La, nimeandika uongo, sitaweza kubaki. Nitakuja, lakini nitangoja barabarani hata mpaka jioni, na hamtasikia sauti yangu. Mlango mfungulieni Kiunga. Ananyoa ndevu tangu leo, na Jumamosi bado ni siku tano.

Mfikishie mama heshima zangu zote, umpe pole kwa goti. Mbusu Kirimi, na umwambie Linda kwamba baba yake anamsalimu na anakunywa chai ya rangi kila asubuhi akilalamika kama mzee. Mungu awalinde mpaka tuonane, kwa karibu au kwa mbali, vyovyote utakavyoamua.

Ni mimi wifi yako, ninayekumbuka kila neno,

Kagwiria